Ng'ombe wa Udongo Ndani ya Kihenge

Mwangaluka, wanajumuiya!

Hapana, hiyo si kuitikia, huko ni kukohoa. Mwangaluka tena! Haya, sasa hata kuku wa mwenye nyumba wamesikia.

Kiongozi wetu ametuomba, mwaka ukiwa bado unanukia pilau ya sikukuu, kila mmoja aseme azimio lake, na aseme kitu anachopenda kukifanya kwa mikono yake kwa raha tu, bila kuwaza faida. Nimesikia mazuri. Mama mmoja amesema atafuma vitambaa mpaka afunike makochi yote ya Bariadi. Kijana mmoja amesema atajifunza gitaa. Mungu awajalie majirani zake uvumilivu. Mimi nimesimama na ushuhuda. Majina sitataja. Wahusika wengine mko humu humu ndani, mnajijua, na ninawaomba msianze kuangalia chini mapema.

Ndugu zangu, nawaambia, mnaniona hivi nimenenepa, ninacheka, nina cheti cha kidato cha nne nilichokipata kwa masomo ya jioni, nikiwa na mvi nyingi kuliko mwalimu wa hesabu na babu yake ukiwachanganya. Lakini ulikuwepo mwaka ambao mtu huyu huyu alishindwa kumaliza tonge moja la ugali. Mimi! Mnaonijua kwenye harusi mnashangaa.

Nilikuwa na ng'ombe. Wenzangu wa Nkololo mnalijua zizi letu. Baba aliniachia kundi ambalo likianza kukatiza barabara wewe kijana, linamaliza kukatiza umeshakuwa na wajukuu. Sawa, mke wangu ananikazia macho, nimeongeza kidogo. Lakini vumbi lake lilionekana mbali. Alikuwemo dume la jembe tuliyemwita Shauri Lako, kwa sababu ukimfunga nira alikutazama kwanza, akafikiri, ndipo akaamua kama leo mnalima au hamlimi. Nimefanya kazi na maofisa wengi, sijaona aliyekuwa na msimamo kama yule ng'ombe.

Na alikuwemo jike mmoja ambaye hakuwa wangu. Hapa niwaeleze vijana mliozaliwa na simu mkononi. Kwetu mtu hafugi ng'ombe wake wote katika zizi moja. Mmoja au wawili humpa rafiki amtunzie. Rafiki anakunywa maziwa, anatumia samadi, lakini ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Huo ndio urafiki unaoonekana kwa macho. Na una sheria moja: ng'ombe wa mtu akifia mikononi mwako, unampelekea mwenyewe ngozi. Maneno hayatoshi, hata uwe mzee wa kanisa. Ngozi ndiyo inayosema kwamba kweli amekufa, hakuuzwa mnadani.

Jike yule alikuwa wa jirani yangu wa ng'ambo ya korongo, rafiki tuliyechunga naye ndama tukiwa hatujui hata kuvaa suruali. Ng'ombe mwekundu, paji jeupe, sikio limekatwa alama ya ukoo wao, na pembe ya kulia imepinda ikashuka kuelekea jichoni kama inataka kumnong'oneza jambo.

Kisha mvua ikakataa.

Hamhitaji nieleze ukame, mlikuwepo. Nyasi ziliisha, lambo likakauka, likabaki tope lililopasuka kama kisigino changu. Ng'ombe akilala hawezi kuinuka mwenyewe. Asubuhi wanaume tulizunguka nyumba kwa nyumba kuinuana ng'ombe: wawili mkiani, wawili mabegani, moja, mbili, twende! Anasimama, anatetemeka, anakutazama. Kesho mnarudi, mnamkuta hataki tena.

Waliobaki nikawaswaga kuelekea Meatu kutafuta majani. Wengine waliangukia njiani. Jike la rafiki yangu lilianguka porini, mbali na watu, tukalishika mkia, tukalibembeleza, likagoma. Nyuma yetu fisi walikuwa wanasubiri bila hata aibu ya kujificha, mbele yetu kundi linalia maji. Nani angekaa kuchuna ngozi? Mwisho wa yote nilirudi nyumbani na fimbo mkononi. Ng'ombe, hakuna.

Nilipitia kwa jirani kabla sijafika kwangu.

"Nkoi," nikamwambia, yaani rafiki yangu, "jike lako limekufa."

Hakunitazama usoni. Alitazama mikono yangu.

"Ngozi iko wapi?"

"Imebaki na fisi."

"Fisi wa miguu minne, au hawa wa miguu miwili?"

Akaingia ndani, akafunga mlango. Kuanzia siku hiyo hatukusalimiana. Tulikutana kisimani, yeye anatazama ndoo, mimi natazama kamba.

Ndugu zangu, kufilisika ninakuweza. Babu zetu walifilisika kwa magonjwa ya mifugo, kwa vita, wakaanza upya. Kilichonilaza ni kile kimya. Kila alfajiri niliamka, nikaenda kulifungua lango la miiba la zizi, nikapiga mluzi, nikasimama pembeni kuwapisha. Kuwapisha nani? Jioni nilirudi nikafunga. Mwanzo watu walicheka. Halafu wakaacha kucheka, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, maana Msukuma akiacha kukucheka ujue anakuogopa au anakuhurumia.

Mama watoto alivumilia, akavumilia, asubuhi moja akasimama langoni na beseni kiunoni.

"Baba watoto, hao unaowafungulia, wanakunywa maji gani?"

Nikapiga mluzi tena.

"Basi nimekuandikisha masomo ya jioni pale mjini."

"Mimi? Kusoma? Na umri huu?"

"Kama ni kukaa na kukodoa macho, kakodolee ubao. Ubao angalau kuna mtu anauandika."

Huyo ndiye wa kwanza ninayemshukuru. Ameketi pale, anajifanya anamfunga mtoto wa watu kiremba.

Nikapanda baiskeli ya mkwe wangu, isiyokuwa na breki, ambayo ilisimama kwa huruma ya Mungu na kwa mabanda ya watu, nikafika mjini. Darasa letu lilikuwa na fundi cherehani, dereva wa bodaboda, mama muuza dagaa, askari mgambo mmoja, na mimi. Mwalimu alikuwa binti mdogo, wa rika la binti yangu wa kwanza, lakini akishika chaki hata mgambo alikaa wima.

Jioni ya kwanza ya Januari akasema, "Leo hatuanzi na hesabu. Kila mmoja aseme azimio lake la mwaka. Sharti moja tu: lisiwe la kutafuta pesa. Liwe kitu cha mikono na cha moyo."

Fundi cherehani akasema atajifunza kupiga kinanda cha kanisani. Mama wa dagaa akasema atapanda maua mlangoni, hata mume wake aseme ni majani ya mbuzi. Bodaboda akasema ataacha bia, mwalimu akamwambia hiyo si kazi ya mikono, akajibu, "Mwalimu, wewe hujaona mikono yangu inavyofanya kazi." Tukacheka wote. Ikafika zamu yangu.

Kichwani hamna kitu. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Nitafinyanga ng'ombe."

Darasa likapasuka! Mabati yalitaka kuruka yatue Maswa. Nyie wenyewe mnajua: kwetu ng'ombe wa udongo hufinyangwa na watoto wanaochunga ndama. Mwanaume mwenye ndevu kufinyanga ng'ombe ni sawa na mzee wa ukoo kucheza kombolela. Mgambo akaniuliza, "Baba, na kunyonya umeacha?"

Mwalimu hakucheka. Akaandika ubaoni: *Baba atafinyanga ng'ombe*. Akageuka, akasema, "Kila Ijumaa utaniletea mmoja, baba."

Udongo niliuchota kwenye lambo lile lile lililokauka. Ng'ombe wangu wa kwanza, nawaambia ukweli, alikuwa kiazi chenye masikio. Ijumaa ile darasa zima lilimkalia kikao. Mama wa dagaa alisema ni kiboko. Bodaboda akasema hapana, ni diwani fulani, amemtambua kwa tumbo. Mwalimu akamshika kwa mikono miwili, taratibu, akaniuliza swali moja tu.

"Huyu alikuwa nani?"

Ndugu zangu, nilisimama mbele ya wale watu na kiazi changu nikaanza kueleza. Nikaeleza Shauri Lako alivyokuwa akinitazama kabla ya kulima. Nikaeleza siku alipoamua kwamba mvua itanyesha akagoma, tukamtukana, na mvua ikanyesha kweli. Watu wakacheka, lakini safari hii walikuwa wakimcheka ng'ombe wangu kama vile yupo hai. Kurudi nyumbani nilikula ugali, nikaomba mboga tena. Mke wangu aliinua taa akanimulika usoni kuhakikisha ni mimi.

Basi ikawa ndiyo kazi. Kila Ijumaa ng'ombe mmoja, na kila ng'ombe na maisha yake. Wale wa mwanzo walipasuka, mguu huku, nundu kule. Mama watoto, ambaye mama yake alikuwa mfinyanzi wa vyungu, akaona aibu kwa niaba ya ukoo wao. "Sogea," akasema. Akatwanga vigae vya chungu kilichovunjika, akachanganya na udongo, tangu hapo hawakupasuka tena. Pembe nilitumia miiba ya migunga. Rangi, masizi ya sufuria, majivu, udongo mwekundu. Kwa yule jike wa jirani nilitembea pori zima la Simiyu, naapa, mpaka nikapata mwiba uliopinda kama pembe yake. Huyo sikumpeleka darasani. Huyo sikuweza kumweleza.

Nikawa nawahifadhi kwenye kihenge chetu cha nafaka, kwa kuwa kwa ukame ule kilikuwa kitupu, hata panya walikuwa wamehama kwa kukosa heshima. Nikawapanga humo kwenye giza, safu kwa safu, wanaangalia mlangoni.

Sasa sikilizeni.

Siku moja alikuja mama mmoja wa jirani kuazima ungo. Hakutukuta. Akaona kile kimlango cha kihenge kiko wazi, akachungulia. Alichokiona ni kundi zima la ng'ombe wadogo wamesimama gizani wanamtazama. Ungo aliusahau, kanda mbili moja aliiacha, na nadhani hata uzito kidogo aliuacha njiani, maana alikimbia vizuri mno.

Habari ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la kitongoji. Saa nne asubuhi walikuwa ng'ombe wa udongo. Mchana wakawa wanalia. Ilipofika sokoni Nkololo wakawa wanakamuliwa. Na jioni maneno yakawa maneno yenyewe: ukame haukuua ng'ombe, mimi ndiye niliyewachukua wa watu wote, nikawafunga humo kwa uchawi.

Sasa hapa sizidishi. Mnajua neno hilo likimkalia mtu huku kwetu linaweza kumfikisha wapi. Dukani nilitoa salamu, hakuna aliyeitikia. Mke wangu alikwenda kisimani, wanawake wakabeba ndoo wakaondoka zikiwa nusu. Kutengwa kunaanza hivyo, kwa maji nusu ndoo. Baadaye hakuna wa kukupa moto, hakuna wa kukuzikia. Mke wangu alirudi, akatua ndoo, akasema, "Tukihama, tunahamia wapi?" Sikuwa na mzaha wowote wa kumpa.

Asubuhi mwenyekiti wa kitongoji akaja na wazee, na sungusungu na fimbo zao, na nusu ya kijiji nyuma yao. Mbele kabisa alikuwa rafiki yangu wa ng'ambo ya korongo.

"Huyu," akasema, akininyooshea fimbo, "aliniletea maneno bila ngozi. Niliuliza, akanitajia fisi. Leo mnaona ngozi haikuwepo kwa sababu ng'ombe hakufa. Ng'ombe wangu yumo humo."

Mtu mmoja akapaza sauti, "Choma kihenge!" Wengine wakaitikia. Nilifungua mdomo, na mimi mnayenijua kwa maneno, halikutoka hata moja.

Mama watoto akapita katikati yao, mikono kiunoni.

"Hakuna kuchoma. Mnawatafuta ng'ombe, watoeni muwaone juani. Nani kasikia mchawi anaanika vitu vyake juani?"

"Na wewe unajua habari za wachawi?" mzee mmoja akauliza.

"Ninajua habari za udongo, guku, babu yangu. Vigae vya humo ni vya chungu changu cha mlenda. Kama ni uchawi, mnishike na mimi kwa kosa la mlenda."

Kuna aliyecheka. Mmoja tu, lakini ilitosha fimbo ya mwenyekiti kushuka kidogo.

Mama watoto akaingia mwenyewe kwenye kihenge. Akawa ananipa ng'ombe mmoja mmoja, na mimi, kwa kukosa pa kuwaweka, nikawa nawapanga chini, ndani ya zizi. Mweusi mwenye tumbo jeupe. Wa kijivu. Ndama aliyekuwa akipenda kula chandarua. Dume mwenye shingo nene kama chungu. Watu walikuwa wamesimama mbali. Wakasogea hatua. Wakasogea tena.

"Ngoja," mzee aliyeuliza habari za wachawi akasema. "Huyu si yule mwenye kibyongo, aliyevunja pembe pale kisimani?"

"Ndiye, guku."

"Ha! Mzazi wake alitoka kwangu! Nilimlipa baba yako aliponikopesha mahari ya mke wangu mdogo!" Akachuchumaa, mzima mzima, na magoti yake yanalia. "Mwone nundu. Mwone."

"Na huyu ndiye aliyekula khanga yangu ya Krismasi," mama mmoja akasema. "Shetani mkubwa huyu." Lakini alisema kama anavyomsema mtoto aliye mbali.

Wakavamia zizi. Nawaambia kulikuwa na kelele kama mnadani. Huyu wa nani, huyu mama yake nani, huyu alizaliwa siku ile ya mvua ya mawe. Hata mwenyekiti akaninong'oneza, "Na yule wangu wa madoa, mbona hukumweka?" Nikamwambia, "Mheshimiwa, sijafika kwako."

Ndipo mama watoto akanipa wa mwisho. Mwekundu, paji jeupe, pembe imepinda.

Nilimshika, sikumweka chini. Rafiki yangu alimwona. Akaja polepole. Hakumchukua, alinyoosha kidole akagusa sikio, pale nilipoukata udongo kwa wembe, alama ya ukoo wao.

Watu wakatuzunguka.

"Alilala ubavu gani?" akaniuliza.

Ndugu zangu, nimeongeza chumvi maisha yangu yote. Mimi samaki wangu wote ni wakubwa, na baiskeli zangu zote hazina breki. Siku hiyo sikuongeza hata punje.

"Ubavu wa kushoto," nikasema. "Tulimwinua, akasimama, akatembea kidogo, akalala tena. Alijaribu kunyanyua kichwa. Nikampa maji kwa kofia yangu, hayakuingia. Nikamfunika macho kwa shuka. Ilipoanza kelele ya fisi nikaondoka, kwa sababu ya waliobaki. Na waliobaki nao wakafa. Ningekaa tu."

Akapangusa pua kwa kiganja.

"Shuka uliiacha?"

"Niliiacha."

Akamchukua mikononi mwangu. Akamgeuza huku na huku kama mtu anavyoikagua ngozi, akitafuta palipotoboka. Kisha akageuka kwa wazee, akasema kwa sauti ya kutosha watu wote, "Ngozi ya ng'ombe wangu imeletwa. Nimeipokea."

Hakuna aliyepiga makofi. Kwetu jambo kama hilo halipigiwi makofi. Mzee mmoja alisema tu, "Imepokewa," na wengine wakarudia, "Imepokewa." Rafiki yangu akamfunga jike lake ndani ya shuka yake, akamweka kwapani, akavuka korongo. Jioni ile mke wake alikuja kuomba moto kwetu. Moto anao, ndugu zangu! Kiberiti alikuwa nacho kwenye pindo la kanga, mama watoto alikiona. Alikuja kuomba ili watu waone ameomba.

Mvua ziliporudi, na yeye akapata mahari ya binti yake, aliswaga mtamba mmoja mpaka kwangu. "Huyu ni wangu," akasema, "lakini atakaa kwako." Amezaa sasa. Maziwa mnayokunywa kwenye chai ya leo ni ya huyo.

Basi namshukuru Mungu. Namshukuru mama watoto, aliyenisukuma kwenye ubao na kusimama mbele ya fimbo. Nawashukuru wenzangu wa darasa walionicheka, kwa maana mtu aliyechekwa bado yuko hai. Namshukuru mwalimu wangu aliyeniuliza "Huyu alikuwa nani?" pale ambapo wengine walikuwa wanauliza nitaanzaje upya. Namshukuru na huyo mama wa ungo. Kanda mbili yake bado iko kwangu, aje aichukue bila woga.

Funzo langu ni dogo. Mwaka ukianza tunaahidi kujenga, kununua, kupanda cheo. Ahidini, sikatazi, na mimi nataka bati. Lakini weka na jambo moja dogo la mikono yako lisiloingiza chochote, ambalo watu wazima watalicheka. Kuna mambo mdomo hauwezi kuyafikisha kwa mwenyewe. Mimi nina mdomo kuliko redio, na ulinishinda. Udongo ulifika.

Na leo, zamu zilipokuwa zinapita, mmoja wetu alisema, "Mimi sina azimio," akakaa. Sikugeuka kumtazama, na sigeuki sasa. Ndugu yangu, hapo ulipokaa napafahamu, nimepakalia. Kesho jioni napita kwako. Sitakuhubiria. Nitakuja na ndoo ya udongo, wewe utachagua tuanze na nani.

Wabeja sana, asanteni.